Meza ya Bin Mahmoud na Vitabu vya Indianapolis

Leo nazungumzia michezo, lakini mpira tuuweke kando. Nataka tuzungumze kuhusu matoleo mapya ya michezo ya hadithi, ile inayochezwa mezani kwa mdomo, karatasi, penseli na dadu. Na naomba nianze na bei.

Mwaka 2024 kampuni ya Wizards of the Coast ya Marekani ilitoa upya mchezo wa Dungeons & Dragons, miaka 50 tangu uzaliwe. Vitabu vyake vikuu ni vitatu. Cha wachezaji kilitoka Septemba 17, kina kurasa 384. Cha msimulizi kikafuata Novemba, na kile cha mazimwi na viumbe wengine wa kutisha kikatoka Februari 2025. Kila kimoja ni dola 49.99. Riyali ya Qatar imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha 3.64, kwa hiyo vitabu vitatu vinakuja kama riyali 546, na hapo hujalipia usafirishaji. Kima cha chini cha mshahara hapa Qatar tangu Machi 2021 ni riyali 1,000 kwa mwezi, mbali na posho ya chakula na malazi kama mwajiri havitoi. Mlinzi wa getini anayepata kima hicho akitaka seti moja atatoa zaidi ya nusu ya mshahara. Na mlinzi huyo ana ada ya mtoto Kilifi, au mama anayehitaji dawa Muheza. Havinunui, na asilaumiwe kwa kutovinunua.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu mtaa ninaokaa, Fereej Bin Mahmoud, umejaa watu wanaopiga hesabu za namna hiyo kila mwisho wa mwezi. Wanaoijua Doha wanajua mtaa huu uko katikati kabisa ya mji. Ukipanda treni ya Mstari wa Dhahabu pale Msheireb kuelekea Al Sadd, kituo kinachofuata ndicho chetu. Majengo ya ghorofa yamebanana, na chini yake kuna vinyozi, mafundi cherehani, hoteli za Wahindi na Wafilipino, na chai ya karak inayouzwa usiku na mchana. Juu huko, Ijumaa watu wakipata mapumziko, sebule zinajaa. Utakuta ludo, utakuta keram, utakuta karata zinapigwa mezani kwa kishindo. Watu wetu ni wachezaji hodari. Sasa katika baadhi ya sebule hizo mchezo huu wa hadithi nao umeingia, na mimi ni mmoja wa waliokaa kwenye meza yake.

Kwa ambaye hajawahi kuuona, unachezwa hivi. Mtu mmoja anakuwa msimulizi. Wengine, tuseme watatu hadi watano, kila mmoja ana mhusika wake, ambaye nguvu zake, werevu wake na mali yake vimeandikwa kwenye karatasi. Msimulizi anasema mko wapi na mnaona nini. Wewe unasema mhusika wako anafanya nini. Jambo likiwa jepesi, linafanyika tu. Likiwa na hatari, unatupa dadu ya pande 20, unaongeza namba iliyo kwenye karatasi yako, na jumla ikifika kiwango cha ugumu umefaulu. Isipofika, umeteleza ukutani, au umeonekana, au mbwa amebweka na taa zimewashwa. Hakuna mshindi wala mshinde. Hadithi inakwenda hadi mchoke, na wiki ijayo mnaiendeleza palepale mlipoiachia.

Mwaka 1974 mchezo huu wa Gary Gygax na Dave Arneson ulipochapishwa, ulianza na nakala 1,000. Miaka sita kabla ya hapo, mwaka 1968, Gygax alikuwa ameanzisha mkutano wa wacheza michezo ya mezani katika mji mdogo wa Lake Geneva, Wisconsin. Mkutano huo ni Gen Con. Leo unafanyika Indianapolis kila kiangazi, na watu zaidi ya 70,000 huhudhuria. Ndiko matoleo mapya mengi yanakozinduliwa. Agosti 2024 waliokuwa pale walikinunua kitabu kipya cha wachezaji wiki kadhaa kabla hakijafika madukani. Agosti 2025 palikuwa na meza za wachezaji wa Daggerheart, mchezo wa kampuni ya Darrington Press uliotoka Mei mwaka huo, na huu nataka niuseme kidogo kwa sababu ubunifu wake umenivutia sana.

Katika Daggerheart mchezaji anatupa dadu mbili za pande 12, moja ya Tumaini na moja ya Hofu. Jumla ya zote mbili ndiyo inayoamua kama umefaulu. Kisha inatazamwa ipi imezidi. Tumaini likizidi, unapata akiba ya kujisaidia baadaye. Hofu ikizidi, akiba inakwenda kwa msimulizi, naye ataitumia kukuletea balaa wakati wowote aupendao. Kwa hiyo unaweza kufaulu ukiwa na hofu, na unaweza kushindwa ukiwa na tumaini. Umeruka ukuta salama, lakini kuna aliyekuona. Umekosa mlango, lakini umesikia sauti ya unayemtafuta. Mtu aliyepata kutafuta kazi ugenini anaielewa dadu hiyo bila kufundishwa.

Basi kwa nini tusiende Indianapolis kuyaona haya kwa macho? Ada ya maombi ya viza ya matembezi ya Marekani ni dola 185 tangu Juni 2023. Hizo ni riyali 673, na hairudishwi ukinyimwa. Nauli haijatajwa. Mwenye nayo aende kwa heri, mimi simzuii. Ninachosema ni kwamba tukiyahesabu maendeleo ya mchezo huu kwetu kwa idadi ya vitabu vya bei ghali tulivyonunua, au kwa picha tulizopiga kwenye mikutano ya mbali, tutabaki watazamaji.

Toleo lililo muhimu kuliko yote kwetu halikuzinduliwa kwa foleni wala kwa mabango. Lilitokana na ugomvi. Mwanzoni mwa Januari 2023 masharti mapya ambayo Wizards of the Coast ilikuwa inayaandaa yalivuja. Tangu mwaka 2000 kulikuwa na leseni huria iliyowaruhusu watu wengine kutunga na kuuza vitabu kwa kanuni za mchezo ule. Masharti mapya yalitaka kuibana ruhusa hiyo na kudai sehemu ya mapato ya wachapishaji wakubwa. Wachezaji wakawaka. Wengi wakafuta usajili wao wa kulipia kwenye huduma za kampuni. Haikutimia hata mwezi, Januari 27, kampuni ikarudi nyuma, tena ikaenda mbali kuliko ilivyoombwa: hati ya kanuni za msingi, yenye kurasa zaidi ya 400, ikawekwa chini ya leseni ya Creative Commons. Ruhusa hiyo ikishatolewa haiondolewi. Aprili 2025 kanuni za toleo jipya nazo zikafuata njia hiyohiyo.

Maana yake kwa lugha ya nyumbani ni hii: wewe uliyeko Bin Mahmoud, au Likoni, au Bukavu, unaruhusiwa kuzichukua kanuni zile, kuzifasiri kwa Kiswahili, kuzipunguza, kuzigeuza, kuzichapa na kuziuza, bila kumlipa mtu hata senti. Unachotakiwa ni kumtaja aliyezitoa na kusema kwamba umezibadilisha. Hadithi za kampuni, picha zake na majina ya ulimwengu wake vinabaki vyao. Mashine ya mchezo, ile ya dadu na namba na ugumu, iko wazi kwa wote. Kampuni yenyewe imeshaitoa hati hiyo kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kihispania. Kiswahili hakimo, na hatuna haja ya kungoja kitiwe.

Mtu ataniuliza, kwani kuna ubaya gani tukicheza kwa Kiingereza? Kwenye meza yetu wote wanakisoma. Nitajibu kwa kisa kimoja nilichokishuhudia.

Siku hiyo msimulizi alikuwa ndugu yetu wa Mombasa, ambaye kazi yake ni ulinzi, zamu ya saa 12. Wachezaji walikuwa dada mmoja wa Tanga, kijana wa Kampala na kaka wa Bukavu. Tulikuwa tunacheza kwa Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha ya kitabu. Wahusika wamefika lango la mji, bawabu amewazuia. Dada akasema kwa kifupi kwamba anajaribu kumshawishi. Akatupa, akapata namba ndogo, akashindwa. Yote hayo yalikuwa sekunde kumi, na hakuna aliyeyajali. Msimulizi akaweka kalamu chini, akamwambia, "Dada, hebu niambie kwa Kiswahili. Mimi ndiye bawabu. Nishawishi."

Dada akajiweka sawa kwenye kiti, sauti ikabadilika. "Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Una nini kwenye hilo kapu?"

"Baba yangu, kapu hili lina kanga mbili za mgonjwa na mkate mkavu. Nimetoka mbali, miguu hii itazame mwenyewe. Nami nakuona umesimama hapa tangu alfajiri, na hakuna aliyekuletea hata maji."

Wallahi chumba kizima kilitulia. Yule bwana hakuna asichokijua kuhusu visingizio vya watu getini, anavisikia kila siku ya kazi. Lakini maji? Hakuna mgeni anayemwuliza mlinzi kama amekunywa maji. Akafikiri kidogo, akasema, "Pita mwanangu. Kapu lako sijaliona." Dadu haikutupwa. Kuanzia hapo hatukurudi tena kwenye Kiingereza.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote, wasikilizaji. Katika mchezo huu hakuna ubao wala vipande vya kusogeza. Mchezo wenyewe ni maneno ya watu. Katika lugha ya kukopa mtu anaeleza anachofanya. Katika lugha yake anakifanya. Anaamkia, anabembeleza, anatisha, anatongoa, anaapiza. Kijana wa Kampala alikuwa na wasiwasi kwamba Kiswahili chake hakitoshi. Tukakubaliana mhusika wake awe mfanyabiashara wa mbali anayejifunza lugha bandarini, na kila kosa lake likawa sehemu ya hadithi. Kaka wa Bukavu anazungumza Kiswahili cha Kongo, na mhusika wake ni mpiga makasia wa ziwani anayezungumza hivyohivyo alivyo yeye. Hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Kuna jambo la dadu, na sitaki kulipita. Wenzetu wengi Waislamu hawazigusi, kwa kuwa wanavyuoni wengi wamekataza mchezo wa dadu kwa kutegemea Hadithi za Mtume. Hapa Doha, na kwetu pwani pia, ukimkaribisha mtu mezani lazima ulifikirie hilo kabla hujamweka njia panda. Sisi tulikata vipande 20 vya karatasi, tukaandika namba, tukavitia kwenye kikombe cha karatasi cha karak. Unachota kimoja, unasoma, unakirudisha. Mwenye shaka akaridhika, mchezo ukaendelea. Na kama kuna anayedhani huo ni umaskini, mwaka 1979 watengenezaji wa Dungeons & Dragons wenyewe walipungukiwa na dadu, wakauza masanduku yao yakiwa na vipande vya karatasi vyenye namba, mnunuzi akate na achote kikombeni. Yeyote atakayeandika kitabu cha Kiswahili cha mchezo huu aiweke njia hiyo ukurasa wa kwanza, sawasawa na dadu, isiwe tanbihi.

Sasa kitabu hicho kiwe na nini? Vimeshatungwa vitabu kadhaa vya mchezo huu vyenye sura ya Afrika. Nyambe cha Chris Dolunt kilitoka 2002, na Spears of the Dawn cha Kevin Crawford kikatoka 2013. Vyote viwili ni kazi za Marekani, kwa Kiingereza, zimeandikwa kwa heshima na kwa kusoma sana. Nawashukuru waandishi wake. Lakini Afrika iliyomo humo ni bara la kubuni lililochanganywa kutoka kila upande, na mtoto wa Lamu akivisoma hatamkuta bibi yake ndani.

Mimi ningeanza na shujaa wetu wa pwani, Fumo Liyongo. Masimulizi yake tunayo tangu zamani, na Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliuandika utendi wake mwaka 1913. Msikilizaji anayejua kisa chake ataona mara moja kwamba kimekaa kama kilitungwa kwa ajili ya meza hii. Liyongo yuko gerezani Pate. Mama yake anamtuma kijakazi Saada apeleke chakula, na kila mkate mzuri walinzi wanaula wao. Basi Liyongo anaagiza mkate wa wishwa, kwa kuwa walinzi hawatautamani, na ndani yake iwe tupa. Kisha anaomba apigiwe ngoma ya gungu kabla ya kuuawa, na katika kelele za ngoma anakata minyororo. Hebu fikirini wachezaji wanne wakiwa upande wa nje wa ukuta ule. Mmoja ni Saada na kapu lake. Mmoja ni mpiga ngoma anayejua kwamba ikinyamaza kabla ya wakati sauti ya tupa itasikika. Mmoja ni mlinzi mwenye deni, na wa nne ni nahodha anayengoja maji yajae. Hapo hakuna zimwi hata moja, na kila hatua ina hatari ya kutosha kuchota karatasi.

Wala hatuhitaji kuanza na kurasa 384. Katika mikutano hiyo mikubwa, pembeni ya meza za kampuni, kuna watungaji wadogo wenye vijitabu vilivyobanwa kwa pini mbili. Kuna hata michezo ya ukurasa mmoja. Mmoja maarufu ni Lasers & Feelings wa John Harper, uliotoka 2013, na watu wengi duniani wameuiga muundo wake. Unachagua namba moja tu, kuanzia 2 hadi 5. Ukifanya jambo la upande mmoja unataka dadu ije chini ya namba yako, ukifanya la upande wa pili unataka ije juu yake. Ikiangukia namba yako hasa, unaruhusiwa kumwuliza msimulizi swali na lazima akujibu ukweli. Dadu za kawaida za ludo zinatosha.

Tumeujaribu muundo huo na kisa cha Liyongo, upande mmoja tukauita mabavu na mwingine maneno. Mwenye namba kubwa ni mtu wa mabavu, mwenye ndogo ni mtu wa maneno. Kwa jioni moja walicheza watu ambao hawajawahi kushika kitabu cha mchezo, akiwemo mama mmoja mpishi aliyekuja kumsalimia mwenyeji tu. Alichukua nafasi ya Saada. Swali alilomwuliza msimulizi, dadu ilipoangukia namba yake, lilikuwa: mlinzi yupi ana njaa kuliko wenzake? Hilo ni swali la mpishi, na kitabu chochote kingejivunia kuwa nalo kama mfano.

Kuhusu mahali pa kukizindua kitabu hicho cha Kiswahili, hatuna lazima ya kuvuka bahari. Nigeria, Kenechukwu Ogbuagu na kampuni yake ya NIBCARD Games wamekuwa wakiendesha mkutano wao wa michezo ya mezani, AB Con, tangu 2016, na wanachapisha michezo yao palepale nyumbani. Nairobi kuna NAICCON, mkutano wa vijana wa katuni, mavazi ya wahusika na michezo. Meza moja pale, watu watano, nakala za kurasa 24 zilizochapwa mtaani, na msimulizi anayejua kuamkia wageni: hayo yako ndani ya uwezo wetu.

Kazi yenyewe naiona hivi. Hati ya kanuni ichukuliwe, ipunguzwe hadi zibaki kurasa chache za msingi: jinsi ya kumtunga mhusika, jinsi ya kupima ugumu, jinsi ya kuumia na kupona. Zifasiriwe na mtu anayecheza, kwa sababu mfasiri asiyecheza ataandika sentensi ambazo hakuna atakayeweza kuzitamka mezani. Rasimu isomwe kwa sauti Mombasa, Tanga, Kampala na Bukavu, na kila mahali wachezaji waandike pembeni pale walipokwama. Jina la waliotoa kanuni liwekwe mbele, kama leseni inavyotaka. Wachapishaji wa Dar es Salaam na Nairobi wanaochapa vitabu vya hadithi vya shule waone kwamba hiki nacho ni kitabu cha hadithi, na kwamba darasa la watoto 40 linaweza kugawanyika meza nane likacheza kipindi kizima kwa kikombe na vipande vya karatasi. Sisi wa Bin Mahmoud tumeshaanza na gereza la Pate. Kisa cha pili kinaandikwa, na kaka wa Bukavu ndiye mwenye kalamu, kwa hiyo kitatokea ziwani.